Uzi maalum: Kugumisha uso wa stenlesi kwa plazma ya naitrojeni bila kuipotezea kinga ya kutu

#1 KerezoKuu

Wakuu, habari za kazi.

Swali hili linarudi kila mara: bushi, shafti au vali ya stenlesi imepelekwa kutiwa naitrojeni, imerudi ngumu kama tupa, imefungwa kwenye pampu, na baada ya wiki chache imeota kutu. Chuma kile kile kabla ya kugumishwa kilikuwa kinakaa majini miaka. Lawama zote zinaangukia chuma, watu wanasema wameuziwa stenlesi feki. Mara nyingi chuma hakina kosa lolote. Kosa ni joto la tanuri, na kati ya kazi safi na kazi iliyoharibika tofauti inaweza kuwa nyuzi 30 tu. Nyuzi zote nitakazotaja ni za Selsiasi.

Stenlesi za 304 na 316L (namba hizi ni madaraja ya stenlesi) hazigumiki kwa kuchomwa na kutumbukizwa kwenye mafuta. Ugumu wake ni kama HV 150 hadi 200 kwa kipimo cha Vickers, na zikisuguana zenyewe kwa zenyewe zinang'ang'aniana. Aliyewahi kufunga nati ya stenlesi kwenye bolti ya stenlesi bila grisi anajua: inazunguka vizuri, ghafla inagoma, na ukilazimisha bolti inakatika. Ndiyo maana uso unatafutiwa ugumu.

Sasa, stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya kromi. Kromi iliyo karibu na uso inaungana na oksijeni na kutengeneza ngozi nyembamba ya nanomita chache tu, na ngozi hiyo ikikwaruzwa inajirudisha yenyewe. Naitrojeni nayo inaipenda kromi kupita kiasi. Ukipandisha joto kwenye nyuzi 500 na zaidi, atomi za kromi zinapata nguvu ya kutembea, zinakutana na naitrojeni na kuwa naitraidi ya kromi. Uso unakuwa mgumu kweli, lakini kromi yote imefungwa ndani ya chembechembe hizo, na chuma kinachozizunguka kimebaki mtupu. Hapo una chuma cha kawaida chenye jina la stenlesi.

Ukibaki chini ya nyuzi 450, naitrojeni kwa kuwa ni ndogo inapenya katikati ya atomi nyingine, ila kromi haiwezi kusogea. Naitrojeni inajazana, mpangilio wa atomi unatanuka, uso unakuwa mgumu na kromi imebaki huru kufanya kazi yake. Tabaka hilo linaitwa awamu S, au austeniti iliyotanuka (austeniti ni mpangilio wa atomi wa 304 na 316L). Zhang na Bell wa Birmingham, Uingereza, walilieleza mwaka 1985, na jina la S likaja na Wajapani akina Ichii mwaka 1986. Kutia naitrojeni kwa plazma, yaani gesi inayowashwa kwa umeme, kwenyewe ni kazi ya zamani zaidi, Mjerumani Bernhard Berghaus aliishughulikia tangu miaka ya 1930.

Utaratibu kwa bushi ya 316L ya pampu ya maji chumvi, kipenyo cha nje milimita 60, urefu 100:

Bushi inaingia ikiwa imeshamalizwa kukerezwa na kung'arishwa, vipimo vya mwisho. Inaoshwa hadi isiwe na chembe ya mafuta. Inasimamishwa kwenye meza ya chemba, na meza hiyo ndiyo kathodi (upande hasi wa umeme). Ukuta wa chemba ni anodi (upande chanya). Hewa inavutwa hadi chini ya milibari 0.05. Inaingizwa haidrojeni kwenye milibari 1 hadi 2, umeme unawashwa, joto linapanda polepole. Karibu na nyuzi 300 unakaa saa 1 hadi 2 kwa haidrojeni, au haidrojeni na agoni, ili ayoni (atomi za gesi zenye chaji) ziung'oe ile ngozi ya oksaidi. Kisha unaingiza naitrojeni asilimia 25 kwa haidrojeni asilimia 75, presha milibari 3 hadi 5, joto nyuzi 420, saa 15 hadi 20. Inapoa ndani ya chemba bila hewa, na mlango haufunguliwi mpaka bushi ishuke chini ya nyuzi 100.

Ukifuata hivyo unapata tabaka la takriban mikromita 10, ugumu HV 1000 hadi 1300, rangi ya kijivu iliyofifia. Karibuni tuongeze nyama.

#2 Maji_Kina

Mkuu KerezoKuu, shukrani. Swali moja kabla hatujaenda mbali. Kuna wanaotumia tanuri la gesi ya amonia na wengine bafu la chumvi iliyoyeyuka, na bei yake ni nafuu. Kwa nini tuhangaike na ombwe na umeme mkubwa?

#3 FundiOmbwe

Ndugu Maji_Kina, mambo mawili.

La kwanza ni joto. Bafu la chumvi la kawaida linafanya kazi karibu nyuzi 570 hadi 580, na tanuri la amonia kwa kawaida linazidi 500. Kwa chuma cha gia au kwa chuma cha kawaida hakuna shida. Kwa 316L ni lile lile alilolieleza mkuu hapo juu, kromi inafungwa yote.

La pili ni ile ngozi ya oksaidi. Inazuia kutu, na inazuia naitrojeni pia. Amonia ikigonga uso wa stenlesi haipati njia, au inapata njia sehemu moja na kukosa nyingine, unatoka na mabaka. Wapo wanaofanya kwa gesi kwenye joto la chini na kazi inatoka vizuri, lakini lazima kwanza waiue ngozi hiyo kwa kemikali za klorini au florini. Kwenye plazma ayoni zenyewe zinaupiga uso na kuuchubua, na kwa sababu hakuna oksijeni ngozi hairudi. Mradi chemba haivuji. Chemba inayovuja kidogo kwenye chuma cha kawaida inasameheka, kwenye stenlesi haisameheki, kwa sababu kromi inaidaka oksijeni ile mara moja. Kabla ya kuwasha, vuta hadi mwisho, funga vali ya pampu, kaa dakika 10 ukitazama geji. Ikiwa inapanda mbele ya macho yako, usianze kazi, tafuta oringi iliyochoka.

Naongezea hesabu ya umeme, maana watu wananunua mashine bila kuijua. Mkondo unafuata eneo la uso, kilo za mzigo hazihusiki moja kwa moja. Chukua miliampea 1 kwa kila sentimita mraba kama makadirio. Bushi ya mkuu kwa nje ni sentimita mraba kama 188, yaani ampea 0.19. Kwa volti 600 hiyo ni wati 113. Bushi 20 ni ampea 3.8, kilowati 2.3, na bado hujahesabu meza na vishikio ambavyo navyo vinawaka plazma. Ukiona ampea zinazidi sana hesabu yako, kuna kitu kinaunguzwa kisichotakiwa.

#4 BintiMaabara

KerezoKuu, kwenye kuosha umepita haraka mno na pale ndipo kazi nyingi zinapofia.

Mafuta ya kukerezea stenlesi mengi yana salfa au klorini. Thina peke yake haiyatoi, inayasambaza. Anza na maji ya moto yenye sabuni ya alkali, sugua, suuza, kausha, kisha asetoni safi kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi. Matundu na meno ya bolti yanahitaji bafu la mawimbi ya sauti kama lipo. Jaribu kwa tone la maji: likitandaa lote, uso ni safi. Likijikusanya kama tone juu ya jani la mgomba, rudia.

Mafuta yakibaki utayaona plazma ikiwashwa: vimulimuli vya nyota vinarukaruka juu ya kipande, hizo ni shoti ndogo, na kila moja inaacha shimo. Kwa dakika za mwanzo vichache ni kawaida, vinapungua vyenyewe. Visipopungua baada ya nusu saa, zima. Usiongeze volti kuvilazimisha.

Jambo la pili ambalo karibu kila mtu analisahau ni ukerezaji wenyewe. 304 ikikerezwa kwa kisu butu au ikisagwa kwa nguvu, ngozi ya juu inageuka martensiti, mpangilio mwingine wa atomi ambao ni mgumu na unavutwa na sumaku. Hiyo ngozi inashika naitraidi ya kromi mapema kuliko austeniti, hata kwenye 420. Chukua sumaku ndogo kali, ining'inize kwa uzi karibu na uso uliokerezwa. Ikivutwa kuelekea uso, una martensiti pale. Punguza kwa kukereza mara ya mwisho kwa kisu kikali na kina kidogo, kisha msasa laini wa maji, kisha ung'arishe. 316L ina nikeli zaidi na haigeuki kirahisi, hiyo ni sababu mojawapo ya kuichagua.

Angalizo: fanya jaribio la sumaku kabla ya tanuri tu. Awamu S yenye naitrojeni nyingi nayo inavutwa na sumaku kidogo, kwa hiyo baada ya kazi sumaku kushika si ushahidi wa kosa.

Na 303 msiilete kabisa. Ina salfa iliyowekwa makusudi ili ikerezeke kwa urahisi, na kila punje ya salfaidi iliyo juu ya uso ni mlango wa kutu ambao hakuna tabaka litakaloufunga.

#5 Mzani_wa_Jua

Hapo kwenye nyuzi 420 mimi nina neno. 316L inavumilia hata 440, na 450 kwa saa chache, bila naitraidi ya kromi kuonekana. Kwa nini tuteseke saa 20 wakati saa 5 zinatosha?

#6 KerezoKuu

Mkuu, hukosei kuhusu chuma. Joto na muda vinakwenda pamoja: 316L kwenye 450 kwa saa 4 au 5 inaweza kutoka safi, kwenye 450 hiyo hiyo kwa saa 20 inaharibika. 304 inaharibika mapema zaidi. Kinachonifanya niandike 420 ni kwamba joto lililoandikwa kwenye skrini si lazima liwe joto la kipande. Ukiweka 450 na kipande kimoja kwenye kona kiko 475, kile umekipoteza. Ukiweka 420 na kile kiko 445, kimepona.

Halafu usidhani muda ukizidishwa mara mbili tabaka nalo linazidi mara mbili. Kina kinafuata kipeuo cha pili cha muda. Kama saa 5 zimekupa mikromita 6, ili upate 12 unahitaji saa 20.

#7 FundiOmbwe

Naunga mkono, na nieleze kwa nini skrini inadanganya.

Katika tanuri la kawaida joto linatoka ukutani na vipande vyote vinalikaribia pamoja. Kwenye plazma ya kawaida kipande ndicho kinachopashwa moja kwa moja na ayoni. Kila kipande ni heta ya nafsi yake. Kipande chembamba chenye uso mkubwa na uzito mdogo kinapata moto kuliko kipande kinene kilicho jirani. Kwa hiyo usichanganye washa na shafti kwenye mzigo mmoja. Panga vinavyolingana unene.

Themokapo (kihisi cha joto cha waya) usiiache ikining'inia hewani. Toboa kipande cha mfano cha chuma kile kile na unene ule ule. Kwa themokapo ya aina ya K yenye kipenyo cha milimita 3, tundu liwe na kina kisichopungua 30, ncha iguse mwisho wa tundu. Kumbuka kipande kiko kwenye volti mia kadhaa, kwa hiyo themokapo lazima itenganishwe kwa kauri na kifaa cha kusomea kiwe kimejengwa kwa hali hiyo. Mwenye mzigo mkubwa aweke mbili, moja katikati na moja pembeni. Kipimajoto cha kutazama kupitia dirishani kwenye stenlesi hakiaminiki: uso unaanza ukiwa kioo na unaishia ukiwa umefifia, mng'ao unabadilika, na kioo chenyewe kinapakwa vumbi la chuma kadiri saa zinavyokwenda.

Sasa matundu. Hili nalisema kwa msisitizo. Plazma inakikumbatia kipande kama ngozi ya rangi ya zambarau yenye unene wa milimita chache. Presha ikipanda ngozi inakuwa nyembamba, presha ikishuka inanenepa. Ukiwa na tundu ambalo kipenyo chake hakifiki unene wa ngozi mara mbili, ngozi za pande mbili zinaungana ndani, elektroni zinanaswa zikipigapiga huku na huko, mkondo unapanda mara nyingi, na tundu linageuka jiko. Utaliona dirishani: sehemu nyingine zambarau tulivu, tundu linawaka rangi ya chungwa. Ukiona chungwa kwenye stenlesi, eneo lile limekwisha, hata kama themokapo inasoma 420.

Tundu jembamba kabisa, chini ya milimita moja hivi, plazma haiingii na ndani hakugumi. Tundu pana la 40 halina neno. Hatari iko katikati. Dawa: ziba kwa kipini cha stenlesi, fungia bolti ya kutupa kwenye matundu yenye meno, au pandisha presha kuelekea milibari 5. Hali hiyo hiyo hutokea kati ya vipande viwili vilivyobanana, kwa hiyo acheni nafasi ya milimita 25 hadi 30.

Na vishikio viwe vya stenlesi ile ile. Ukitumia kishikio cha chuma cha kawaida, ayoni zinakichubua na chuma chake kinatua juu ya bushi yako. Baadaye unaona vidoa vya kutu, unalaumu joto, kumbe ni kishikio.

#8 Maji_Kina

Wakuu, mmenifungua macho. Nina swali la stenlesi za martensiti. Visu vya kukatia samaki na kalibu za kufinyangia plastiki huwa vya stenlesi ya daraja la 420, na shafti nyingi za pampu ni za daraja la 17-4PH. Nazo joto ni nyuzi 420 zile zile?

#9 BintiMaabara

Hapana, kila kimoja kina sheria yake.

Madaraja ya 420 na 440C: naitrojeni inapenya haraka kuliko kwenye 316L, kwa hiyo saa zinapungua, lakini naitraidi ya kromi nayo inakuja mapema. Kaa 380 hadi 400 kama unajali kutu. Kisha kuna ugumu wa moyo, yaani chuma kilicho chini ya tabaka. Chuma kilichochomwa na kutempewa (kupashwa tena ili kisiwe kikavu) kwenye nyuzi 200 ukikirudisha kwenye 400 kinatempewa upya, kinalainika. 440C iliyokuwa na HRC 58 kwa kipimo cha Rockwell itashuka pointi chache. Kanuni ni kutempa nyuzi 20 hadi 30 juu ya joto la plazma kabla ya kuipeleka, ili tanuri lisibadilishe kitu. Kwa makali ya kisu chembamba mimi sipendekezi hata kidogo. Tabaka ni gumu na limebanwa, pembe kali inapigwa na ayoni kutoka pande mbili, inajaa naitrojeni kupita kiasi na kumeguka. Kalibu ya plastiki ni sawa, pembe zake zipewe mviringo mdogo.

17-4PH inafaa sana. Kama imezeeshwa (imepashwa joto kwa muda ili igume) kwenye hali ya H900, hiyo ni nyuzi 482, basi plazma ya 400 hadi 420 iko chini yake na moyo haulegei. Kosa la hatari ni kuipeleka ikiwa bado katika hali A, yaani haijazeeshwa. Itaanza kuzeeka ndani ya chemba na kusinyaa. Kuzeesha kwa H900 kunasinyaza kama asilimia 0.04 hadi 0.06, na kwenye kipenyo cha milimita 50 hiyo ni milimita 0.02 hadi 0.03. Kwa kiti cha beringi, kazi imekwisha.

Dupleksi 2205, stenlesi yenye mchanganyiko wa austeniti na feraiti, iachwe kwa wenye maabara. Feraiti yake inakakamaa na kuwa dhaifu ikikaa muda mrefu kwenye joto la karibu 475, na dalili zinaanza chini zaidi ya hapo.

#10 Mzani_wa_Jua

Asante dada. Kuhusu upimaji sasa. Kipande kimerudi, cheti kinasema HV 1200. Nimepima kwa mashine ya kilo 1, inasoma karibu 400. Nani mwongo?

#11 BintiMaabara

Hakuna mwongo, uzito wako ndio mkubwa. Piga hesabu. Mashine inabonyeza ncha ya almasi usoni na kuacha alama ya mraba; alama yenye mlalo (kona hadi kona) wa mikromita 68, ambayo ndiyo inatoa HV 400 kwa kilo 1, imezama karibu mikromita 10, kwa kuwa kina ni mlalo gawa kwa 7. Tabaka lako lote ni 10. Umelitoboa na kupima ubwabwa ulio chini.

Kwa gramu 25, HV 1200 inatoa mlalo wa mikromita 6.2 na kina cha 0.9. Kanuni ni kina kisizidi moja ya kumi ya tabaka, kwa hiyo gramu 25 ndiyo inaanza kukubalika kwa mikromita 10. Uso lazima uwe umeng'arishwa, la sivyo huioni alama. Cheti kisichotaja uzito uliotumika ni karatasi tu.

Ugumu peke yake hata hivyo haukuambii kama kazi ni nzuri, maana iliyoharibika kwenye nyuzi 520 nayo inasoma 1200! Kipande cha mfano kilichokaa na mzigo kikatwe, kifungwe kwenye resini, king'arishwe, kisha kitiwe dawa ya Marble: salfeti ya shaba gramu 10, asidi ya haidrokloriki mililita 50, maji mililita 50. Sekunde chache tu, suuza, tazama kwa hadubini. Chini, punje za chuma zinaonekana zimeliwa na mipaka yake. Juu yake utepe mweupe, safi, wenye unene sawa, umekatika kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye moyo. Huo ndio awamu S, asidi haijauweza. Ukiona ndani ya utepe madoa meusi, hasa kuanzia juu au kwenye mipaka ya punje, ile ni naitraidi ya kromi. Utepe mweusi wote ni kazi ya kurudisha. Glavu na miwani tafadhali, na dirisha wazi, asidi hiyo inatoa moshi mbaya.

Asiye na hadubini achukue kipande cha mfano na kipande kingine kisichoguswa, avifunike kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi asilimia 5, siku 2 kivulini. Alinganishe. Jaribio hilo halitoi namba, ila kipande kilichopoteza kromi kinajitangaza.

#12 Kijana_wa_Gereji

Habari wakuu. Nina pampu ya ombwe na nina uwezo wa kutengeneza umeme wa DC (mkondo wa upande mmoja) wa volti 700. Chemba naweza kuchomea mwenyewe kwa bomba la inchi 12. Nianze wapi?

#13 FundiOmbwe

Kijana, hamu yako ni nzuri na sitaki kuizima, ila soma hili taratibu.

Volti 700 za DC zenye ampea kadhaa zinaua, na hazikupi nafasi ya pili. Meza yote, vipande vyote na waya wa themokapo viko kwenye volti hizo. Chemba lazima iunganishwe na waya wa ardhi, na mlango uwe na swichi inayokata umeme kabla haujafunguka. Haidrojeni inawaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ndani ya hewa, karibu mchanganyiko wowote utakaoufikiria. Kila unapofungua, safisha kwanza kwa naitrojeni. Moshi wa pampu utoke nje ya jengo kwa bomba, usiishie ndani ya gereji.

DC ya moja kwa moja ikipata shoti haizimiki yenyewe, inayeyusha kipande. Ugavi wa kisasa unakatakata umeme kwa mapigo ya sehemu ndogo za elfu ya sekunde, shoti inakosa muda wa kukua. Hiyo sehemu usiitengeneze kwa kubahatisha, inunue.

Kama mitungi ya haidrojeni ni shida, amonia iliyovunjwa juu ya kichocheo cha moto inatoa naitrojeni 25 na haidrojeni 75 sawasawa, uwiano ule ule wa mkuu. Ila usianze na gesi yoyote. Anza na chemba isiyovuja. Mpaka ukae chini ya milibari 0.05 na geji isitikisike, usifikirie kuwasha. Na ujifunze chini ya mtu aliyeshika umeme mkubwa.

#14 Maji_Kina

Je, pembe za vipande? Nimeona bushi zenye pete ya rangi rangi mwishoni, kama upinde wa mvua.

#15 KerezoKuu

Hiyo ni athari ya pembe. Umeme unajikunja kwenye ncha, ayoni zinapiga kwa wingi, joto na naitrojeni vinatofautiana na katikati. Mara nyingi pete hiyo ndiyo inayoanza kutu. Kwa bushi, weka pete ya kutupa ya stenlesi ileile kila mwisho, ikibana bila mwanya, ili pembe halisi iwe ya pete.

Suluhisho kubwa zaidi ni plazma ya wavu, aliyoisukuma Jean Georges kule Luxembourg. Kizimba cha wavu wa chuma kinazungushiwa mzigo wote na kupewa volti kubwa, vipande ndani vinaachwa bila kuunganishwa na umeme au vinapewa volti ndogo tu. Wavu ndio unaowaka na kupasha, gesi iliyoamshwa inapita na kuvifikia vipande. Pembe na matundu vinatulia, na vipande vya ukubwa tofauti vinaweza kukaa pamoja. Kwa stenlesi bado vipewe volti kidogo, maana bila ayoni kupiga, ile ngozi ya oksaidi haitoki vizuri.

Rangi nyingine: dhahabu au bluu kwa uso wote ni oksijeni, ama chemba inavuja ama mlango ulifunguliwa kukiwa moto. Masizi meusi yanayofutika kwa kidole ni mafuta. Kijivu kilichofifia ndicho tunachokitaka.

#16 Mzani_wa_Jua

Niongeze mipaka ya matumizi, isije watu wakadhani wamepata almasi.

Mikromita 10 za HV 1200 juu ya moyo wa HV 180 ni kama kigae juu ya tope. Msuguano linaubeba, mikwaruzo linaubeba, kuumana kwa meno ya bolti linazuia. Mzigo mzito wa nukta moja, kama mpira wa beringi, unalibonyeza na linapasuka. Kwa mizigo hiyo tazameni kaboni badala ya naitrojeni: plazma ya haidrojeni na methani kidogo, nyuzi 450 hadi 500, tabaka linafika mikromita 20 hadi 40, ugumu unashuka kuwa HV 800 hadi 1000 lakini unashuka polepole kuelekea moyo badala ya kukatika ghafla.

Chomea kabla, usichomee baada. Joto la weldi linaua tabaka na naitrojeni inatoa mapovu kwenye weldi. Pasta ya asidi ya kusafishia weldi nayo inalila tabaka. Usisage baada ya tanuri. Uso unavimba mikromita 1 hadi 2 kila upande, kwa hiyo uache nafasi hiyo wakati wa kukereza. Ukitaka mng'ao urudi, kitambaa na pasta ya almasi laini, dakika chache tu. Na usiifunge mahali panapokaa moto wa nyuzi 400 muda mrefu, maana kromi itaanza kutembea pole pole na utakuwa umemalizia kazi ambayo tanuri lilikwepa.

#17 Maji_Kina

Wakuu, mwisho kabisa. Sina mashine, nitatuma bushi 12 za 316L kwenye karakana. Niandike nini kwenye oda ili wasiniletee ya nyuzi 520?

#18 KerezoKuu

Usiandike "tia naitrojeni" peke yake, maana atakuwekea mzigo wako pamoja na gia za watu. Andika hivi:

"Chuma 316L, bushi 12, zimemalizwa kukerezwa. Plazma ya joto la chini, joto la kipande lisizidi nyuzi 430 wakati wowote, pamoja na hatua ya kusafisha. Tabaka la awamu S, mikromita 8 hadi 12, bila naitraidi ya kromi. Ugumu wa uso usipungue HV 1000 kwa gramu 25. Matundu ya M6 yazibwe. Vishikio vya stenlesi. Vipoe ndani ya ombwe hadi chini ya nyuzi 100. Kipande cha mfano kimeambatanishwa, kikae katikati ya mzigo, kirudishwe pamoja na chati ya joto ya saa zote."

Kipande cha mfano ukikate kutoka kwenye fimbo ile ile uliyokereza bushi, urefu milimita 20, ugonge namba. Wakikuambia tanuri lao haliendi chini ya 480, washukuru na uchukue bushi zako. Wakikubali, chati ikirudi tazama mstari wa saa mbili za kwanza. Wengi wanazingatia 420 ya katikati na kusahau kwamba wakati wa kupasha ndipo joto linaporuka hadi 460 kabla ya kutulia.

#19 BintiMaabara

Na kipande hicho cha mfano kiwe na unene sawa na ukuta wa bushi, mkuu. Kikiwa kinene zaidi kitakuwa baridi kuliko bushi zenyewe, kitatoka kizuri, na bushi zimeungua.

#20 KerezoKuu

Sahihi kabisa dada. Ukuta wa bushi zake ni milimita 10, basi kipande kiwe bomba la ukuta wa 10, kisiwe fimbo. Maji_Kina, rekebisha hapo kabla hujatuma.